Bunduki Iliyoongezeka Uzito

Jumatatu bunduki ilikuwa na kilo sita na gramu mia nne. Jumanne asubuhi, juu ya mizani ileile, ilikuwa na kilo sita na gramu mia tisa.

Jorunn aliitoa, akaifuta mizani, akaipima tena. Mia tisa. Akaweka kipande cha chuma cha kupimia, mizani ikasema kweli. Bunduki ndiyo iliyokuwa imebadilika, na haikuwa imetoka kabatini tangu jana jioni. Kabati lile la chuma lilifunguliwa kwa namba, na namba ile waliijua watu wawili tu duniani: yeye na mumewe Håkon.

"Umeigusa bunduki?" alimuuliza wakati wa kifungua kinywa.

Håkon alikuwa anakata jibini la kahawia. "Bunduki yangu mwenyewe? Naomba ruhusa, afande."

"Nakuuliza kweli."

"Sijaigusa. Wewe mwanamke, siku moja utapima chumvi ya supu kwa mikroni."

Alicheka, naye Jorunn akacheka kidogo. Lakini alimtazama mikono. Kucha za Håkon zilikuwa na udongo mweusi.

Jorunn alikuwa fundi bunduki, na wawindaji wote wa bonde la Målselv walimjua. Hii aliyokuwa akiijenga tangu majira ya baridi haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Håkon, kwa mashindano ya masafa marefu ya mwezi wa nane. Mtutu aliukereza mwenyewe, mdomo wake akaung'arisha mpaka mtu aliweza kujiona ndani. Kitako alikichonga kutoka kwenye mti wa birchi uliosimama peke yake katikati ya malisho yao. Håkon aliukata mwezi wa kumi kwa sababu ulikuwa unaziba njia ya risasi. Mbao yake ilikuwa na mawimbi ya ajabu, kama maji yaliyoganda. Waliikausha kwenye tanuri miezi mitano.

Na haikulenga.

Si kwamba ilikuwa mbaya, maana kwenye mita mia moja risasi tano zilipita tundu moja. Shida ilikuwa kwenye mita elfu. Nne zilipiga shabaha vizuri, halafu ya tano ikapotea. Haikwenda pembeni wala juu, ilipotea kabisa, kana kwamba haikufyatuliwa. Kila mara ilikuwa ya tano.

"Unashtuka," Jorunn alimwambia mumewe. "Unaogopa kishindo, unavuta kifyatulio kama unang'oa jino."

"Miaka thelathini nalenga shabaha, leo ndiyo nishtuke? Angalia kazi yako kwanza."

Basi akaiangalia. Alibadilisha darubini, ya tano ikapotea. Alibadilisha baruti, ikapotea. Aliifunga bunduki kwenye kitegemeo kizito, akafyatua mwenyewe bila kuishika begani, ikapotea. Mwisho akaondoa kitako, akakiweka chuma chote kwenye kitako cha zamani cha plastiki. Risasi ishirini, zote kwenye shabaha. Akarudisha birchi. Ya tano ikapotea.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye mbao. Mtutu haupaswi kugusa mbao hata kidogo. Fundi huthibitisha kwa kupitisha ukanda wa karatasi katikati, toka mdomoni hadi panapokaa risasi. Jorunn aliupitisha. Ukakwama. Alipouvuta ulitoka umelowa, na kwenye ncha yake kulikuwa na udongo.

Alizifungua skrubu. Alikuwa amezitia alama ya rangi nyekundu ili ajue zikiguswa, na alama zilikuwa zimekaa pale pale, hakuna aliyezizungusha. Akainua chuma. Pale chini, kwenye gundi ngumu aliyoimimina kwa mkono wake, palikuwa na udongo mbichi wa shambani, wenye vijimizizi vyeupe vya nyasi na nyungunyungu mmoja mwekundu anayejikunja.

Aliusafisha wote, akafunga, akaweka kabatini. Kisha, bila kumwambia Håkon, akabadilisha namba.

Kesho yake udongo ulikuwepo tena. Bunduki ilikuwa na kilo saba na nusu.

"Unanichezea," alimwambia mumewe mlangoni mwa karakana, kwa sauti ya chini, ingawa jirani wa karibu alikuwa mbali. "Sijui kwa nini, ila unanichezea. Kama hutaki kushindana sema, usiniharibie kazi."

"Mimi?" Håkon naye alishusha sauti. "Wewe ndiye unayebadilisha namba kisirisiri. Nilijaribu kufungua jana."

"Ulitaka nini humo?"

Håkon alikuwa ameegemea mlango vibaya, bega la kulia limeshuka. Jorunn alimvuta kola ya shati kabla hajazuia. Begani, palipokaa kitako wakati wa kulenga, ngozi ilikuwa nyeusi. Haikuwa alama ya kitako, kwa maana kitako huacha alama ndogo iliyosimama. Hii ilikuwa pana, imefika mpaka shingoni na kushuka mgongoni, yenye kingo zisizo sawa, kama ya mtu aliyebeba kitu kisichobebeka.

"Niachie," alisema Håkon, akaenda zake kwenye trekta.

Siku hiyo, saa sita mchana, jua la mwezi wa sita likiwaka kwenye madirisha yote, Jorunn alikuwa peke yake karakanani, bunduki imebanwa mbele yake kwenye jiliwa. Kwanza ilikuja harufu, udongo uliochimbwa na tumbaku ya kale. Halafu akasikia pumzi. Ilikuwa pumzi ya mwanamume anayepanda kilima na mzigo, inayovutwa kwa shida na kutolewa kwa mlio, nyuma yake, karibu na kabati. Akajua ni Håkon amekuja kuomba radhi, na kwa kiburi hakugeuka. Akaendelea kukaza skrubu huku pumzi ile ikimkaribia hatua kwa hatua, na chini ya sakafu ya zege pakisikika kitu kizito kikiburuzwa juu ya changarawe, kikisimama, kikiburuzwa tena, mpaka ubaridi ukamgusa kisogo na sauti kavu, ya mtu aliyechoka kuliko kuchoka, ikanong'ona sikioni mwake: "Niliweke wapi?"

"Weka popote, Håkon," alisema kwa hasira, na hapo akainua macho, na kupitia dirishani akamwona mumewe, mita mia mbili kutoka pale, juu ya trekta, akikata nyasi.

Nyuma yake kitu kilianguka kwa kishindo kilichotikisa bisibisi zote ukutani. Alipogeuka hapakuwa na kitu. Zege tu ilikuwa imepasuka ufa mrefu.

Hakukimbia. Alimwita Håkon, akampa bunduki, akamwambia: "Lenga tano. Mimi naangalia, ila siangalii shabaha. Naangalia malisho yote."

"Kwa nini?"

"Lenga tu."

Alikaa na darubini kubwa. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye ya tano akaona vumbi likiruka, karibu zaidi kuliko shabaha, chini, kwenye mita mia saba na arobaini hivi. Lilitoka pembeni ya kisiki cha birchi.

Walikwenda pale wote wawili. Kando ya kisiki palikuwa na tundu moja ardhini, jembamba kama kidole gumba. Jorunn aliingiza fimbo ya kusafishia mtutu. Ikazama nusu mita, ikagonga risasi. Walipofukua, zote zilizopotea wiki tatu zilikuwa mle, moja juu ya nyingine.

"Katika maisha yangu sijaona mlengaji kama huyo," alisema Jorunn.

Håkon alikaa chini kwenye nyasi. "Mwite Asbjørg," alisema.

Asbjørg alikuwa bibi wa miaka themanini na mbili, dereva mstaafu wa basi la shule, na alikuwa msomaji, mtu anayeponya kwa kusoma maneno ya kale. Watu walimpigia simu mtoto akitokwa na damu puani na damu ikasimama kabla hawajakata simu. Alikuja na koti la mvua na viatu vya raba, akakipapasa kile kisiki.

"Nani kaukata?"

"Mimi, bibi," alisema Håkon.

"Huu mti aliupanda mama yangu, mwaka arobaini na tisa, na hakuupanda kwa ajili ya kivuli. Babu yako Peder, wakati wa vita, jirani akiwa mafichoni, alilihamisha jiwe la mpaka. Lilikuwa hapa, akalipeleka kule juu, mita karibu mia mbili. Akafa, na akaanza kutembea na jiwe mgongoni. Mama alimfunga hapa kwa mizizi. Ninyi mkamtoa, mkamchonga, mkamtia mafuta, mkamweka begani."

"Nilidhani," Jorunn alinong'ona, "anayetembea ni yule aliyedhulumiwa."

"Aliyedhulumiwa analala, mwanangu. Anayekosa usingizi ni aliyedhulumu." Bibi alimgeukia Håkon. "Na wewe una lako. Bega lako linasema. Toa."

Håkon akaungama. Kiwanja chake cha kulengea kiliishia kwenye jiwe la mpaka, mita mia tisa na ishirini. Alitaka elfu. Mwezi ule wa kumi jirani yao Edmund alikuwa hospitalini anakufa, mkewe Hjørdis akiwa kando ya kitanda chake. Håkon alichukua trekta, akalisogeza jiwe mita themanini, akajaza shimo, akapanda nyasi juu yake.

"Nitalirudisha pale nilipolitoa," alisema.

"Utalirudisha hapa," alisema Asbjørg, akigonga kisiki.

"Hapa? Nitapoteza malisho yote ya juu! Kiwanja chote! Yale ni ya babu, si yangu. Yeye alihamisha, yeye abebe!"

"Basi bebaneni." Bibi alianza kufunga vifungo vya koti.

"Håkon," alisema Jorunn. "Jitazame ulivyosimama."

Alikuwa amepinda kama mzee wa miaka tisini. Alijaribu kunyooka mbele yao na hakuweza.

Masharti ya Asbjørg yalikuwa machache. Mashine haikuruhusiwa, mtu wa damu ya Peder alibebe jiwe kwa mwili wake. Peder atakapouliza, ajibiwe. Na jioni hiyohiyo waende kwa Hjørdis, kila aliyejua aseme kwa mdomo wake, bila kubakiza. "Anayeficha," alisema, "ndiye atakayebeba."

Jiwe lilikuwa na kilo sitini. Jorunn alimsaidia kulipandisha begani, na Håkon akaanza kushuka, hatua kumi na kupumzika, hatua tano na kupumzika, na kadiri walivyokaribia kisiki ndivyo harufu ya udongo na tumbaku ilivyozidi mpaka Jorunn akafunika pua, na ndivyo alivyosikia pumzi mbili badala ya moja, zikipishana, ile ya mumewe na ile nyingine aliyoijua, na nyasi upande wa pili wa Håkon zikalala chini bila mtu kuzikanyaga, hatua kwa hatua, sambamba naye, mpaka wakafika kwenye shimo ambalo Asbjørg alikuwa amelichimba na ndani yake amekilaza kile kitako cha birchi, na hapo Håkon akasimama, macho yamegeuka meupe, mdomo ukafunguka, na kutoka kwenye koo lake ikatoka sauti kavu ya mtu mwingine:

"Niliweke wapi?"

Asbjørg alimtazama Jorunn. "Mjibu. Kwa nguvu."

"Liweke ulipolitoa!" alipiga kelele Jorunn.

Jiwe liliondoka begani taratibu, kana kwamba mikono minne inalishusha, likakaa juu ya kitako bila kishindo. Kisha ikasikika pumzi moja ndefu, ya mtu anayekaa baada ya safari, na harufu ikakatika. Håkon alianguka magoti akalia, mgongo umenyooka.

Walikwenda kwa Hjørdis watatu, kwa gari la Jorunn. Mjane huyo wa miaka sabini aliwawekea kahawa na keki za wafeli, akakaa mikono mapajani. Håkon alisema yote: la babu, la kwake, mita zote. Hakutafuta kisingizio. Hjørdis alisikiliza mpaka mwisho.

"Edmund aliniuliza hospitalini kama jiwe bado lipo," alisema. "Nikamwambia, litakwenda wapi?" Alifuta macho kwa aproni. "Haya. Umesema mwenyewe, hukushikwa. Kesho nitamwita mpimaji."

Halafu akamgeukia Jorunn, kwa upole kabisa.

"Na wewe, mwanangu? Ulijua?"

Mwezi ule wa kumi, Jorunn alikuwa amesimama dirishani mwa karakana na kikombe chake. Aliliona trekta likipanda na minyororo, akaliona likirudi. Aliona jiwe liko wapi asubuhi na liko wapi jioni. Macho yake yalizoea kugundua unywele mmoja, sembuse mita themanini. Na alichofikiri wakati ule ni kwamba sasa watakuwa na elfu.

Håkon alikuwa anamtazama. Hjørdis alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa mwema.

"Hapana," alisema Jorunn. "Mimi niko karakanani siku nzima. Sikujua."

"Nilidhani hivyo," alisema Hjørdis, akamwongezea kahawa.

Asbjørg, aliyekaa karibu na Jorunn, aliweka kikombe chini bila kukimaliza. Alitazama kitu nyuma ya kiti cha Jorunn, juu kidogo ya kichwa chake, kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha akanyanyuka, akasogeza kiti chake hadi upande wa pili wa meza, akaanza kuvaa koti.

"Twende, bibi, tukurudishe," alisema Håkon kwa furaha ya mtu aliyepona.

"Tangulieni."

"Ni kilomita nane!"

"Najua ni ngapi, nimeendesha basi humu miaka thelathini." Alifungua mlango, akatoka haraka bila kumpa Jorunn mkono. "Nitatembea."