Farasi wa Farhia

Mwaka wa 1998, kila jioni baada ya shule, Kalunde alivua sweta na kuingia kibandani kwa shangazi yake Mwikali, karibu na soko la Machakos. Aliosha sahani za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kisha akacheza drafti na wateja kwa vifuniko vya soda. Kibanda hicho hakikukosa watu wala maneno. Sheria ya mchezo hata mtoto aliijua: ukiona kete ya kula, lazima ule, ukiiacha, yako inatolewa.

Lakini tangu fainali ya chesi ya wasichana dhidi ya Farhia, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi, Kalunde hakugusa kifuniko hata kimoja. Vigae vya kanisani, madirisha ya ofisi, hata kitambaa cha meza chenye miraba, vyote viligeuka ubao wa siku ile. Ngome yake ilibakiza hatua moja tu ifike mstari wa mwisho, mfalme wa Farhia afungwe, mchezo uishe. Badala yake, mkono ulimkimbilia farasi wa Farhia aliyeachwa bila mlinzi, ingawa kwenye chesi kula si lazima. Akamla. Kibao kikageuka, Farhia akashinda.

"Yule binti wa mfanyabiashara wa mbuzi alikuja na hirizi," Festus, muuza viatu, alitangaza huku akitafuna. "Nimeambiwa na mtu aliyekuwako."

"Mtu gani? Ama ni wewe umejiambia?" Mwikali akamchokoza.

"Mama, si umuulize Kalunde mwenyewe!"

Macho yote yakamgeukia. Kalunde akainamia sahani, akanyamaza, kama alivyonyamaza jana yake. Na kila aliponyamaza, farasi yule alirudi kusimama mbele yake.

Mara mlangoni kukaingia kivuli. Alikuwa Farhia, bado na sare ya shule, ubao wa chesi na kete zake kwapani.

"Kalunde, darasani hakuna anayetaka kuketi nami," alisema. "Wanasema nilikuroga. Na wewe unajua nilikuwa nimekwisha. Nilifumba macho nikingoja unifunge."

Kalunde akainuka. Akafuta mikono, akachukua ubao na kupanga kete zilivyokuwa siku ile. Hakusahau hata moja.

"Anko Festus, njoo uone. Hapa ningeshinda." Akaisukuma ngome hadi mwisho. "Lakini nilimwona farasi, nikamla kama tunavyokula kwenye drafti. Hakuna hirizi. Ni mkono wangu. Nilinyamaza kwa aibu. Farhia, nisamehe."

Festus akasahau kutafuna. "Kumbe ni sisi tuliokufunza vibaya!"

Watu wakaangua kicheko. Farhia naye, polepole, akacheka.

Mwikali akawawekea sahani mbili. "Kushindwa si aibu, mwana wakwa, mwanangu. Lakini ukimbebesha mwenzako kosa lako, litakuandama popote uendapo. Sema kweli mapema. Na kabla ya kula, tazama ubao mzima. Haya, pangeni upya, tuone!"

Wakacheza. Punde Farhia akamwacha farasi wake peke yake, akatabasamu. Kalunde akanyoosha mkono.

Kisha akaurudisha mapajani, akaanza kutazama.