Nani Amtilie Saini Phulmaya?

Phulmaya na Nirjala walikuwa wakiuza achari ya pilipili sokoni, chini ya vilima vya mashariki mwa Nepal. Walipendana kama mke na mume. Nyumba yao ilikuwa moja, na jiko moja.

Asubuhi moja Phulmaya alishikwa na tumbo, akashindwa kusimama. Nirjala alimkimbiza hospitali.

"Apasuliwe sasa hivi," daktari alisema. "Nani ndugu yake atie saini?"

"Mimi."

"Ndugu wa damu?" karani aliuliza.

"Naishi naye."

Karani alicheka. "Shoga yake tu! Kamlete kaka yake."

Kaka alikaa mbali, milimani. Alipofika jioni, Phulmaya alikwisha kufa. Akachukua maiti, akamzuia Nirjala kwenda mazishini.

"Umemharibia jina," alimwambia. "Sasa unataka kumlilia?"

Bishakha alikuja kumpa pole. Alikuwa mfanyakazi wa chama kinachotetea watu wanaopenda wa jinsia yao.

"Nitamtukana yule karani sokoni, watu wasikie!" alisema Nirjala.

"Mtukane, dada. Kesho atamrudisha mwingine vilevile. Kanuni ndiyo mbovu. Hospitali ni ya mji, na wanaoweza kuibadili ni madiwani."

"Mimi nani, hata wanisikilize?"

"Peke yako, hawatakusikiliza. Basi tusiende peke yetu."

Walitafuta wengine waliofukuzwa hospitalini. Mwanasheria aliwasomea katiba inavyokataza ubaguzi. Wajane nao wakajiunga, kwa kuwa shemeji zao waligoma kuwatilia saini. Kisha wakapiga hodi kwa madiwani, nyumba kwa nyumba.

"Mnataka nini? Harusi na ngoma?" diwani mmoja aliwakejeli.

"Tunataka kutibiwa," alijibu Nirjala. "Mke wangu amekufa kwa kungoja saini."

Diwani akawakaribisha ndani.

Walirudi mara nyingi. Mwishowe baraza likaamua: mgonjwa amtaje mwenyewe mtu wa kumtilia saini. Akizidiwa, anayeishi naye atoshe.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bishakha akamkumbatia Nirjala. "Tumeshinda, dada!"

"Nyinyi mmeshinda," alisema Nirjala.

Masika yalipokwisha, mwanamke mmoja alimletea machungwa. "Mwenzangu kapasuliwa jana. Nilitia saini mimi, wala hawakuniuliza neno. Yu hai, dada. Anaomba uji!"

"Mpe mwepesi," alisema Nirjala. "Usimtilie pilipili."

Mgeni alipoondoka, Nirjala alimenya chungwa moja. Nusu akala, nusu akaiweka jikoni, mahali alipozoea kukaa Phulmaya.