Kikombe Kilichotengwa

Deogratias Mayala alikutwa amekufa saa mbili asubuhi, kifudifudi juu ya rundo la mawe kando ya shimo la dhahabu liitwalo duara namba saba, kwenye machimbo ya Nyamigota, nje kidogo ya Kharumwa. Damu ilikuwa imemtoka mdomoni na puani, ikakaukia kwenye mawe. Wachimbaji wenzake wapatao arobaini walisimama mbali, mashati wameyavuta hadi puani. Hakuna aliyekuwa amemfunika.

Inspekta Mwahija Abdu wa upelelezi aliwatazama akakereka. Alikuwa mwepesi wa hasira, mwenyewe alijua, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

"Machimbo yote haya hamna hata kanga moja?"

"Ana kifua kikuu, afande," mmoja akajibu. "Hatumgusi."

"Alikuwa nacho. Sasa ni maiti. Leteni kanga."

Hakuna aliyesogea. Koplo Marwa akavua koti lake la mvua, akamfunika marehemu mwenyewe.

Kwenye nguzo ya kibanda cha chai vikombe vya bati vilining'inia kwa safu, kila kimoja na msumari wake. Kimoja kilikuwa peke yake kwenye nguzo ya pili, mkono wake umefungwa kitambaa chekundu. Mwahija hakuhitaji kuuliza kilikuwa cha nani.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walishamkamata muuaji wao. Vumilia, mke wa marehemu, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amekalishwa vumbini, mikono imefungwa kamba ya manila.

"Huyu kamwekea sumu," alisema Marselino, kaka mkubwa wa marehemu na mkuu wa duara namba saba. "Miezi minne anampa vidonge, mtu anazidi kwisha. Choo chake cheusi kama lami. Tuachie sisi, afande. Tutamalizana naye leo hii."

"Atakayemgusa atalala ndani. Marwa, mfungue, mpakie garini."

Mawe mawili yaligonga ubavu wa gari wakati wakiondoka. Marselino hakurusha. Alikuwa amekaa chini, analia kilio cha mtu mzima asiyejali anatazamwa na nani, akijifuta macho kwa leso nyeupe yenye madoa ya rangi ya chungwa. Mwahija alidhani ni udongo wa machimbo, akageuza uso.

Kituoni, Vumilia alikataa soda aliyopewa.

"Nani alikuwa anampa dawa?"

"Mimi. Kila asubuhi kabla ya uji. Namwona anameza, natia alama kwenye kadi."

"Nani alikuwa anazichukua kituo cha afya?"

"Shemeji Marselino. Yeye ndiye aliyejiandikisha kuwa msimamizi wake wa dawa. Kila mwezi ananiletea kwenye kikopo."

"Kikopo cha nini? Zinatolewa kwenye pakiti."

"Alisema pakiti zinatangaza ugonjwa. Majirani wakiziona tu, wameshajua."

"Ulimpa mumeo sumu?"

Vumilia aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakumwogopa inspekta, wala hakumpenda. "Na huyu aliye tumboni ningemlea na nani, afande? Na wewe?"

Mwahija alifunga jalada.

Alasiri ripoti ya uchunguzi wa maiti ikaja. Mapafu yote mawili yalikuwa yameliwa na kifua kikuu. Mshipa ulipasuka, Deogratias akafa kwa damu yake mwenyewe. Dalili ya sumu haikuonekana. Kuhusu choo cheusi, daktari aliandika tu kwamba huenda ni damu aliyoimeza.

Mwingine angeishia hapo. Mwahija alikifuata kile kikopo nyumbani kwa marehemu, akakipeleka maabara ya hospitali kwa Hosiana, mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake ameinamia hadubini na kuongea na wadudu zaidi ya watu. Hosiana alimimina vidonge juu ya karatasi, akakivunja kimoja, akakinusa.

"Hizi si dawa za kifua kikuu. Ni vidonge vya kuongeza damu. Rangi zinakaribiana, hiyo nyekundu ya kahawia. Vina madini ya chuma, ndiyo maana choo kilikuwa cheusi."

"Huwa wanapewa nani?"

"Wajawazito."

Mwahija alivirudisha vidonge kwenye kikopo. Mjamzito wa kesi hii alikuwa mahabusu, tena yeye mwenyewe ndiye aliyemwokoa. Alirudi kituoni amenuna, akamkuta Vumilia amejilaza kwenye benchi.

"Vidonge vyako vya damu viko wapi?"

"Kwenye pochi mliyoninyang'anya. Na kadi ya kliniki imo humo humo. Vihesabuni."

Marwa alihesabu mara mbili. Alipewa thelathini, siku kumi na tisa zimepita, vimebaki kumi na kimoja. Hapakuwa na kilichopungua.

Asubuhi iliyofuata Hosiana akapiga simu: majibu yamefika kutoka maabara kubwa ya Mwanza. Mwahija alimkuta anamsubiri na chai.

"Makohozi ya Deogratias ya mwezi wa pili wa dozi bado yalikuwa na bakteria wengi," Hosiana alisema. "Tulihofu ni kifua kikuu sugu, tukayatuma yakaoteshwe. Hawa wanakua polepole mno, wiki sita, hata nane. Jana nilikuwa sijui. Leo najua."

"Ni sugu?"

"Hapana. Kila dawa iliyojaribiwa imewaua. Bakteria hawa hawakuwa wameshindana na dawa, afande. Hawakuwahi kukutana nayo. Yule kijana amekufa kwa ugonjwa unaotibika, tena bure. Nina dawa kabati zima."

"Basi zake zilikwenda wapi?"

"Hiyo ni kazi yako. Ila kama kuna aliyezimeza, si rahisi ajifiche. Moja kati ya dawa hizo hubadilisha rangi ya maji ya mwili. Mkojo, jasho, hata machozi. Yanakuwa rangi ya chungwa."

Mwahija akaweka kikombe mezani.

"Machozi?"

"Hata machozi."

Kabla ya kufanya lolote alipitia mahabusu, akamuuliza Vumilia swali moja tu, kuhusu mkojo wa mumewe. Kisha akamtuma Marwa akaulizie kwenye duka la dawa la Kharumwa, halafu apitie machimboni arudi na Marselino. Aambiwe aje kusaini kibali cha mazishi.

Marselino aliingia amevaa suti nyeusi, na rozari imezungushwa mkononi. Mwahija alimsomea onyo: kwamba halazimiki kusema, na atakayoyasema yataandikwa na kutumika mahakamani.

"Onyo la nini? Mimi nimefiwa."

"Leso yako uliyolilia jana. Itoe."

Aliitoa taratibu. Mwahija aliikunjua mezani.

"Hili doa nini?"

"Udongo."

"Udongo hautoki machoni. Marwa, mpe kichupa. Utakojoa humu, Marselino."

"Kwa sababu gani?"

"Ukikataa, naomba amri ya mahakama, tutakaa hapa tukiingojea. Mimi sina haraka."

Walipotoka maliwatoni, Marwa alikishika kichupa kwa ncha za vidole, akakitua mezani. Ndani mlikuwa na kitu kama soda ya machungwa.

"Nimekula papai," Marselino alisema.

"Umekula dawa za mdogo wako. Vumilia alikuuliza mbona mkojo wa mumewe hauwi mwekundu kama muuguzi alivyowaambia. Ulimjibu nini?"

Marselino alizungusha rozari mkononi.

"Ulimjibu kwamba mwili wake umeikubali dawa. Na mwenye duka la dawa anakukumbuka. Kila mwezi, vidonge vya damu. Ulimwambia mkeo ni mjamzito. Mkeo ana wajukuu, Marselino!"

Marselino aliivuta leso yake, akaikunja. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo, isiyofanana na ile iliyotaka kumalizana na mtu.

"Mimi nilianza kukohoa kabla yake. Labda ni mimi niliyempa."

"Kwa nini hukwenda kupima? Dawa ni bure! Wewe ungepata zako, yeye zake, leo mngekuwa hai wote wawili."

"Deo alipopimwa, vijana waligoma kushuka. Walitaka mkuu wa duara aseme neno. Nikasema. Kikombe chake kitengwe, asile na sisi, asishuke shimoni. Kile kitambaa chekundu nilikifunga kwa mkono wangu, wote wakinitazama. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimetema damu. Ningewaambia nini, afande? Wafunge kitambaa cha pili?"

"Endelea."

"Nilisema nimeze mwezi mmoja tu, nipate nguvu, halafu nimwachie. Kikohozi kikakata. Nikaogopa kuacha."

"Ukawa unamwona anakwisha."

"Kila siku." Machozi yalimtoka, naye hakuthubutu kuyafuta. "Nilimpenda yule mdogo wangu."

"Na mkewe? Wangemuua kwa mawe, na mtoto tumboni."

"Wangeuliza kwa nini dawa hazikumsaidia. Ilibidi apatikane mwenye kosa."

Mwahija alitamani kumzaba kofi. Aliibana mikono chini ya meza mpaka hamu ikapita, akasukuma karatasi ya maelezo mbele yake.

"Umeua ndugu yako kwa ajili ya kikombe," alisema. "Weka sahihi."

Majibu ya makohozi ya Marselino yalitoka siku iliyofuata. Safi. Dawa za Deogratias zilikuwa zimefanya kazi yake vizuri, katika mwili ambao hazikuandikiwa. Ila dozi ilibakiza miezi miwili, na Hosiana alisisitiza imalizwe, kwani akiiacha njiani bakteria watarudi, safari hii wakiwa sugu. Alimwandikia kadi mpya, kwa mara ya kwanza kwa jina lake.

Kadi hiyo ilikuwa juu ya kaunta ya polisi Vumilia alipokuja kuchukua pochi yake. Aliisoma. Mwahija alitegemea ataichana, na hakuwa na mpango wa kumzuia.

"Hapa kwa msimamizi wa dawa pako wazi," Vumilia alisema. "Nani atamwona anameza?"

"Akiwa hapa, mimi."

"Basi mwangalie kwelikweli. Afungue mdomo, ainue ulimi. Asikose hata siku moja. Namtaka afike mahakamani mzima, asimame kwa miguu yake, anisikie nitakayoyasema."

Akabeba pochi yake, akaondoka bila kuaga.

Mwahija aliandika jina lake kwenye nafasi ile. Akachukua kikombe kimoja kutoka rafu ya kituo, akakijaza maji, akaenda nacho mahabusu pamoja na vidonge. Marselino alivipokea, kisha akasita, akakigeuza kikombe mkononi kama anayetafuta kitambaa kwenye mkono wa kikombe.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha wote," Mwahija alisema. "Meza."