Pindo Chini ya Maneno

"Pete yako hii. Kamvishe yule unayempiga picha kila siku!"

Fundi cherehani aliitupa pete mezani, kati ya kamera na kikombe cha chai iliyokwisha poa. Zilibaki siku tisa wafunge ndoa. Mchumba wake, mpiga picha wa kikundi cha ngoma za asili, aligeuka taratibu kwenye kiti.

"Yupi tena?"

"Usijitie hamnazo! Nimezitazama video zote kumi na moja kwenye simu. Zinaanza vilevile: miguu inatimua vumbi, kisha mikono ya mpiga ngoma, kisha mwimbaji anaangalia mbali kama aliyesahau ufunguo. Akitaja mama, unatuonyesha mawingu. Haya, ndiyo desturi yenu. Na mwisho, desturi ni uso wa mwimbaji. Wewe unamalizia na nani?"

Fundi alimnyooshea kidole.

"Mchezaji wa mbele! Zote kumi na moja! Anazunguka, nawe unamfuata tu na kamera."

Simu ya Fundi ikalia. Alikuwa shangazi yake.

"Umemrudishia?"

"Nimemrudishia, shangazi."

"Amesemaje?"

"Ametoa macho tu."

"Toka hapo upesi, usije ukalainika!"

Mpiga picha aliwasha skrini kubwa ya ukutani.

"Tazama moja tu, kisha uende. Hizo za kwenye simu, katibu wetu huzibandika mkanda mweusi chini, wa maneno ya wimbo na namba ya kukodi kikundi. Hii ndiyo niliyoipiga mimi."

Mchezaji akazunguka. Sketi ikachanua. Pale chini, palipokuwa pakifunikwa na mkanda, Fundi aliona pindo likiinuka, na upande wake wa ndani uzi mmoja mwekundu.

Alishika ukingo wa meza. Uzi ule aliutia katika kila vazi alilokishonea kikundi, mahali alipoamini hakuna jicho litakalofika. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Weka nyingine," alinong'ona.

Ya pili, uzi. Ya tano, uzi. Ya kumi na moja, uzi, mwekundu kama umeshonwa asubuhi ile.

"Uso wa mchezaji una ukungu..."

"Sikuulenga."

"Na hukuniambia!"

"Nilidhani unaona, nikausahau mkanda wa katibu. Mwaka mzima nasema moyoni, fundi huyu ana maringo, hata asante hana!"

Fundi alicheka huku machozi yakimdondoka. Hakuwahi kuuona ushonaji wake ukipendeza namna ile. Simu ikalia tena.

"Umeshatoka?"

"Bado, shangazi."

"Unangoja nini?"

"Natafuta pete. Imeingia chini ya kamera."

Video ya harusi yao ilianza kwa miguu, kama desturi. Katibu alipokuja kuibandika mkanda wake wa maneno, shangazi, aliyekwisha kusimuliwa habari ya uzi, alimfungia mlango.

"Hapo chini ya picha," alisema, "pana mwenyewe."