Mgonjwa wa Mwisho wa Kidoti

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote kwenye chumba cha eksirei. Mama Pacha, mke wa binamu yangu, aliwasha mashine, akaiacha ipate moto, akapangusa meza kwa dawa, akatundika aproni zenye madini ya risasi kwenye vigingi vyake. Wanaoshinda na mionzi huzivaa kama ngao, na sharti lake ni moja tu: hutundikwa, hazikunjwi. Ukiikunja, risasi ya ndani hupasuka kimyakimya, na kwa nje huoni kitu.

Bosi wao alilijua hilo kuliko wote. Walimwita Bwana Salama, kwa sababu umuulize lolote, jibu lake ni hilohilo: "Iko salama." Kiti chake kilikuwa kigumu, naye ana matatizo yake ya kukaa, nadhani mmenielewa. Basi akachukua aproni moja, akaikunja, akaifanya mto. Aliikalia miezi. Siku aproni zilipopungua, akaikunjua ile ya kitini, akaipangusa vumbi, akaibandika karatasi ya kijani ya kuonyesha imekaguliwa, akatia saini, na kuipima hakuipima. Akampa Kidoti.

Kidoti alikuwa mpiga picha mwenzake Mama Pacha, msichana mwenye kidoti cheusi juu ya mdomo na sauti ya kubembeleza. Wagonjwa walimpenda kwa sauti ile. "Vuta pumzi, kipenzi. Ibane... ibane... haya, pumua." Aliposhika mimba alikwenda kwa bosi kama kanuni inavyotaka, akaomba ahamishiwe mapokezi. Bwana Salama akamtazama tumbo, akacheka.

"Si una aproni? Iko salama."

Akambakiza kwenye picha za tumbo, zile ambazo mpigaji husimama ubavuni mwa mgonjwa huku mionzi ikitoka.

Mimba ikatoka. Damu ikakataa kusimama. Madaktari hawakusema ni mionzi, wala hawakusema si mionzi. Mama Pacha alikaa kitandani pake, amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

"Dada," Kidoti alinong'ona, "nimebakiwa na mgonjwa mmoja."

"Nani huyo?"

"Bosi. Nitampiga picha mwenyewe."

Mama Pacha hakumwambia mtu. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mazishini Bwana Salama alisimama akahutubia, eti marehemu alikuwa kama binti yake wa kumzaa, na Mama Pacha alitamani amtemee mate mbele za watu. Alimchukia, na hakuona aibu kumchukia. Tangu wiki ile bosi akaanza kukohoa. Akaagiza pia spika ya ukutani, ile aliyoitumia Kidoti kusema na wagonjwa, ing'olewe. Alidai inakoroma. Mama Pacha akabaki kuwapigia wagonjwa kelele kutoka nyuma ya kioo.

Sasa, asubuhi ile niliyoanza nayo, simu ikapigwa kwamba mkaguzi wa mionzi yuko njiani. Bwana Salama alibadilika rangi. Mkaguzi huipiga kila aproni picha: risasi nzima hutoka nyeupe tupu, na ufa hutoka mstari mweusi. Aproni ya Kidoti ikionekana, na saini ya bosi juu, kazi imekwenda, na pengine jela inamsubiri. Akaikunja tena, maana mja hakomi, akaipeleka kwenye buti la gari lake, akafunga.

Aliporudi, aproni ilikuwa kigingini.

"Umeirudisha wewe?"

"Funguo si unazo wewe, bosi?"

Akajipapasa mfukoni. Zipo. Akacheka kicheko kikavu, akaitupa aproni mezani. "Ipige picha. Huenda tunajitisha bure. Huenda iko salama."

Mama Pacha akapiga. Kwenye skrini ukatokea weupe, na mahali pa tumbo, nyufa nyeusi zimesambaa. Ndani ya ufa mpana kuliko yote kulikuwa na vifupa. Vyembamba kama njiti za kiberiti. Vimepangana vidole vitano.

Juu ya meza palikuwa na aproni tu.

"Futa," bosi alinong'ona.

"Bosi, ule ni mkono wa..."

"Futa, nimesema!"

Kikohozi kikamkamata, kikamkunja, kikamwachia akiwa hana rangi. Daktari alikuwa ameshamwandikia picha ya kifua, naye alikuwa akiipuuza. Sasa akaikumbuka. Mjanja yule! Mgonjwa hahojiwi.

"Nipige kifua sasa hivi. Mkaguzi akija, aambiwe nimekwenda kulazwa."

Akavua shati. Akasimama, kifua kwenye ubao wa kupigia picha, mikono imeukumbatia. Mama Pacha akaenda nyuma ya kioo. Akafungua mdomo apige kelele.

Sauti ikamtangulia.

"Vuta pumzi, kipenzi."

Ilitoka ukutani. Pale ilipokuwa spika. Palikuwa na matundu mawili ya misumari, basi.

Bwana Salama akavuta. Mgongo ukatanuka.

"Ibane."

Akabana.

Taa nyekundu ya mionzi ikawaka. Mama Pacha hakuwa amegusa kitufe.

"Ibane..."

Mgongo ukaanza kutetemeka. Kucha zikakwaruza ubao. Alitaka kuachia, hakuweza. Akageuza shingo kidogo, akamtazama Mama Pacha kwa jicho moja. Jicho linasihi. Lilihitajika neno moja tu la kumfungua, na Mama Pacha alikuwa amezoea kulitamka neno hilo kutwa nzima, kwa kila mgonjwa.

Akaukumbuka ule mkono wa baridi.

Akafunga mdomo.

Mkaguzi alimkuta Bwana Salama bado amesimama. Ameukumbatia ubao, kifua kimejaa, macho wazi. Alipomgusa begani, sauti ikatoka ukutani, laini.

"Haya. Pumua."

Na pumzi ikamtoka maiti, ndefu, hadi mwisho. Ndipo akaanguka.

Picha waliikuta kwenye mashine. Mtu alikuwa kifua wazi, lakini picha nzima ilikuwa nyeupe, kama ya aliyevaa risasi. Nyufa zilikuwa zilezile. Vile vidole vitano navyo vilikuwepo, ila safari hii vilikuwa vimefumba, vimeshika ubavu wake.

Mama Pacha yuko kazini mpaka leo. Aproni zote ni mpya, na spika haikurudishwa. Wagonjwa wakimaliza kuvaa, hupita mlangoni kumshukuru. "Asante, dada. Una sauti ya kubembeleza, mpaka hofu imeniisha."

Yeye huitikia kwa kichwa tu. Tangu siku ile, akiwa nyuma ya kioo, hajawahi kufungua mdomo.