Mitungi Iliyolazwa

Jumatatu moja ya Novemba mwaka 1994, mvua imekatika na jua linawaka juu ya mabati ya Kiyovu, mjini Kigali, Athanasie alishuka kwa mara ya kwanza kwenye kave ya baa, yaani stoo ya chini ya ardhi, akiwa na mshumaa mkononi.

“Taa iko, Madamu,” Benon alimwambia kutoka juu ya ngazi. “Mshumaa wa nini tena?”

“Taa haitaniambia kitu. Gesi ya kusukumia bia ni nzito, inatuama chini kama maji. Mshumaa ukizimika hapa gotini, mtu akilala hapo haamki.”

Hayo alifunzwa na baba yake, Léonce, aliyetunza stoo ya hoteli moja huko Bujumbura miaka ishirini. Athanasie alizaliwa huko, mtaa wa Buyenzi, na Septemba ile ndipo alipoiona Kigali kwa macho yake. Benon yeye alikulia Mbarara. Baa aliikuta imeachwa tupu, milango imevunjwa, akapewa ruhusa aifufue. Alimwajiri Athanasie ili bia ya mapipa itoke kabla ya Noeli.

Mshumaa haukuzimika. Kwenye kona palikuwa na mitungi minne ya gesi imelala sakafuni: miwili mirefu, mmoja wa kadiri, na kitungi kimoja kidogo cha kubebwa kwapani. Athanasie aliikemea kana kwamba ni watoto wavivu. Mtungi husimama, ndivyo alivyosema baba yake. Ukilala utabingirika, utagonga kitu, shingo ivunjike, na hapo ni mzinga wa vita. Aliiinua mmoja mmoja, akaifunga ukutani kwa mnyororo usawa wa kifua, akapaka valvu maji ya sabuni. Hakuna povu lililotoka; hakuna uliovuja. Akakaza vifuniko vya chuma, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani.

Jumanne aliikuta imelala.

Mnyororo haukukatwa. Ulikuwa bado umefungwa ukutani, umezunguka hewa tupu. Mitungi ilikuwa imepangwa sambamba, shingo zote upande wa ukuta, na kile kidogo kimewekwa katikati ya ile mirefu miwili.

“Wezi,” alisema Benon.

“Mwizi gani anapanga?”

Aliisimamisha tena, akaongeza mnyororo wa pili. Usiku huo ufunguo alilala nao.

Jumatano ilikuwa imelala, na safari hii ilikuwa imefunikwa. Magunia ya sukari yalikuwa yamevutwa vizuri mpaka shingoni, jinsi mtu anavyomfunika mwenziwe asipate baridi. Gunia la kile kidogo lilikuwa limekunjwa mara mbili.

Athanasie alitoka kave akitembea kinyumenyume.

Ng'ambo ya ua kulikuwa na jumba ambalo bustani yake ilitunzwa na mzee aitwaye Karangwa, mmoja wa wachache waliokuwa pale tangu zamani. Alimkuta akipalilia maua. Kabla hajafungua kinywa, mzee aliuliza kwa sauti ya chini:

“Umewakuta wamelala?”

“Sijakuambia kitu, mzee.”

Karangwa aliweka jembe chini. Alizungumza akiitazama miguu yake. Mwezi wa nne, alisema, mauaji yalipopamba moto, mhudumu wa baa, Sibomana, aliwaficha watu wanne mle chini: bwana, bibi, binti yao, na mtoto wa kunyonya. Kizuizi kilikuwa hapo hapo getini, na wauaji wa kizuizini walikuwa wakinywa baani kutwa. Sakafu ya baa ni mbao. Mtu akisimama chini, akigonga kichwa, juu wanasikia.

“Basi akawaambia, muryame. Laleni hivyo hivyo, musiinuke. Alitaka wapone, mama. Mtungi mmoja ulikuwa unavuja, naye hakujua. Siku ya tatu amewapelekea uji, amekuta wamekufa, hawana hata jeraha. Mimi nilisaidia kuwatoa. Walikuwa na magunia mpaka hapa.” Alijigusa shingo.

“Na Sibomana?”

“Alirudi chini kuchukua sufuria. Mimi niko mlangoni nangoja. Nimengoja weee. Nikashuka.” Mzee akainua macho. “Hapakuwa na mtu.”

Athanasie akakumbuka kwamba ufunguo ameuacha mlangoni.

Alikimbia. Mlango wa kave ulikuwa wazi, na kutoka chini ilisikika sauti kama nyoka mkubwa anayefoka: ssss. Benon alikuwa amechoka kungoja. Alishuka na spana kuunga bomba la mpira la bia mwenyewe, akafungua valvu ya mtungi uliolala.

“Benon!”



Aliwasha mshumaa, akashuka ngazi tatu, akaunyoosha chini. Ukazimika. Gesi ilikuwa imefika kiunoni.

Alivuta pumzi moja kubwa, akaingia.

Kwa mwanga wa mlangoni alimwona. Benon alikuwa chali katikati ya mitungi mirefu. Mikono ubavuni. Gunia limevutwa mpaka shingoni.

Alimshika makwapa. Mzito. Akavuta hatua moja. Ya pili. Kifua kikaanza kuwaka, ukali kama wa soda ukampanda puani.

Ndipo mtu akanong'ona sikioni mwake.

“Muryame.”

Laleni. Ilikuwa sauti ya mwanamume, tena ya upole. Haikuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomgandisha damu. Ilikuwa inamwombea uzima.

“Muryame hasi. Barabumva.”

Laleni chini, wanawasikia. Akapiga goti. Gunia lilikuwa pale, tupu, linamngoja. Kulala tu kidogo.

Mtungi husimama. Na mtu pia.

Pumzi yake ya mwisho aliitumia kwa ukelele: “Muhaguruke! Simameni! Simameni nyote!”

Mnong'ono ukakatika.

Kisha, gizani, mtoto akakohoa.

Upepo wa miguu ukampita. Miguu mitupu, mingi, ikipanda ngazi. Na Benon akawa mwepesi, kana kwamba upande wa miguu kuna waliomwinua. Athanasie hakutazama. Alipofika mlangoni Karangwa aliwapokea, wakaanguka uani wote watatu, jua likiwapiga usoni.

Benon alipona, ila tangu siku hiyo hulala ameketi. Mitungi ilihamishiwa uani, chini ya bati, mahali upepo unapita, na haikulala tena. Ijumaa fundi alileta chokaa, akapaka kave na kuta za ngazi. Rangi ikiwa bado mbichi, Athanasie alipiga kufuli, na ufunguo akamwachia padri.

Jumamosi mchana walifungua, yeye, padri na Karangwa.

Kwenye chokaa ya ngazi palikuwa na alama za viganja. Vya bwana, vya bibi, vya binti, na kimoja kisichozidi jani changa la mhogo. Vyote vilikuwa vinapanda, na juu kabisa, mlangoni, vilikoma.

Padri alifanya ishara ya msalaba. Karangwa alikuwa ameinama kwenye ngazi ya mwisho, kule chini, anatazama kiganja cha tano, akilitaja jina la Sibomana. Kilikuwa kipana, cha mtu mzima, na chokaa yake ilikuwa bado inachuruzika.

Vidole vyake vilielekea chini.