Mti wa Mei Uliochelewa

Siku ya mwisho ya Aprili, uwanja wa soko wa Linz, mji wetu kando ya mto Rhine, haupitiki. Kila kijana yuko pale kuchagua mti wa Mei, mwembamba wa gome jeupe, wa kumpelekea ampendaye, na wasiochagua wamekuja kuwacheka wanaochagua. Henrike, ndani ya koti lake la njano, alirudi nyuma kukwepa tawi akamkanyaga mtu.

"Samahani... Ruben!"

"Bado unakanyaga watu, bibie?"

Walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili, tangu Ruben alipohamia Koln. Leo alikuja kukabidhi funguo za nyumba ya marehemu mama yake, iliyouzwa, na jioni angevuka Rhine asiwe na sababu ya kurudi tena. Henrike aliyajua hayo. Mji wetu ni mdogo, na habari hufika kabla ya mwenyewe.

"Nisindikize niuage mji," Ruben alisema.

Wakazunguka kwa miguu. Walipanda vichochoro vya mawe, kati ya nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu na buluu, wakishiriki keki moja ya tufaha na kutaniana kama zamani. Kwenye lango la mto, palipochongwa alama za mafuriko, Ruben akagusa ile ya juu kabisa.

"Mto nao hurudi ulipowahi kufika," akasema.

"Wewe hukurudi."

"Nirudi kwa nani?"

Hapo Henrike akashindwa kujizuia. "Nilikungoja, Ruben! Mwaka ule uliohama, usiku wa kuamkia Mei mosi, sikulala. Asubuhi nafungua dirisha, mlango mtupu. Majirani wote wana miti yenye utepe, mimi hata tawi!"

Ruben alimkodolea macho. "Ulikuwa unaningoja mimi? Henrike, mwaka ule ulikuwa mrefu."

Kwetu wanaume ndio hupeleka mti mlangoni pa wawapendao. Lakini Februari ikiwa na siku ishirini na tisa, zamu hugeuka, wanawake ndio hupeleka. Hata mtoto wa Linz analijua hilo.

"Mungu wangu," Henrike alinong'ona. "Nilisahau."

"Mama alifunga pazia nisiuone mlango wetu uliobaki bila mti. Nikajua umenikataa."

Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini hawakusema mtu asubiri zamu ya mwenzake. Na simu walikuwa nazo wote wawili. Kiburi ndicho kilichowazuia kuzishika, na mimi kiburi cha namna hiyo hunikera kuliko ujinga.

"Mwaka huu ni zamu yako," Henrike alisema taratibu.

Ruben alitazama maji. "Asubuhi ile iliniuma sana, mpenzi. Naogopa kubahatisha tena."

Akambusu shavuni, akateremka kivukoni. Henrike alisimama pale langoni akilia bila kujificha. Kisha akafuta uso kwa mkono wa koti, akarudi sokoni mbio.

Simu ya Ruben ililia kivuko kikishusha magari.

"Usipande!"

"Kwa nini? Mbona unahema hivyo?"

"Nimebeba kitu, siwezi kuongea!"

Henrike alitokea langoni akiburura mti mzima, utepe mwekundu ukifagia mawe, majani yamemjaa nyweleni. Trude muuza mikate alimpigia kelele kutoka mlangoni pake, "Henrike we! Mwaka mrefu ulishapita!"

"Najua, Mama Trude! Nimechelewa!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ruben hakucheka. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mti nao unavuka?" nahodha aliuliza.

"Hauvuki," Ruben alijibu. "Wala mimi sivuki."

Kivuko kikaondoka. Wakabaki wawili na mti wao.

"Mlango sina tena," Ruben alisema. "Utausimamisha wapi?"

"Kwangu."

"Na mwisho wa Mei, desturi inataka aliyeuleta aje auchukue."

"Hauchukuliwi. Ukaukie hapohapo."

Ruben akainama, akashika shina. "Basi shika huko mbele, laazizi. Mlima ni mkali."